Kupima chembe: tatizo ni chombo?

Swali: Mwalimu, niko mwaka wa pili, nasoma fizikia. Tunaambiwa kupima hubadilisha hali ya chembe. Si ni kwa sababu vyombo vyetu havijawa makini vya kutosha?

Jibu: Hapana, na wengi hukwama hapo hapo. Weka milinganyo kando kwanza, utazame jaribio la Stern na Gerlach, Frankfurt, 1922. Atomi za fedha zilipita katikati ya sumaku, zikagawanyika makundi mawili tu, la juu na la chini, kulingana na spini ya kila atomi. Sasa chukua kundi la juu, ulipitishe kwenye sumaku nyingine ya wima: zote zinakwenda juu. Chombo kinarudia jibu lake, basi si kibovu. Lipitishe kwenye sumaku ya mlalo: nusu kushoto, nusu kulia. Chukua za kushoto, urudi kwenye wima. Ungetarajia zote zipande, sivyo? Nusu zinashuka! Jibu la kwanza limefutika. Spini ya wima na ya mlalo haziwezi kuwa na thamani za hakika kwa pamoja, hata chombo kiwe hakina dosari yoyote. (Kwa nini atomi hii ishuke na ile ipande? Nadharia hutoa uwezekano tu. Wanafizikia bado wanabishana.) Unapokokotoa, andika hali ya atomi upya kila unapochagua kundi. Alama nyingi za mtihani hupotelea hapo.