Surua na Macho ya Watoto

Wasomaji wetu wa Ugogo na nchi jirani waijua surua: homa, kikohozi, kamasi, macho mekundu, kisha upele. Lakini si wote wajuao ya kuwa maradhi haya yaweza kumwacha mtoto kipofu.

Surua huletwa na virusi, kijidudu kidogo mno, kitokacho kwa mgonjwa akikohoa au kupiga chafya, kikamwingia mwingine kwa pumzi. Maradhi haya hupunguza mwilini vitamini A, kirutubisho kilindacho macho. Ikipungua sana, jicho hukauka, kioo chake cha mbele hulainika, hufanya kidonda, hata hupasuka. Kidonda kikipona huacha kovu jeupe lizuialo mwanga. Tena, mara chache, maradhi hupanda ubongoni na kuudhuru mshipa wa fahamu utokao jichoni. Hapo jicho laonekana zima, bali halioni.

Mwaka 1987 zilitangazwa habari za watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya kioo cha jicho. Katika kila vidonda 100, 37 vilifuatana na surua. Na katika kila 100 ya vidonda hivyo vilivyofuatana na surua, 17 vilitokana na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Mwaka huo huo ilitangazwa kazi ya hospitali ya Mvumi, karibu na Dodoma. Wagonjwa wa surua 88 walipewa vitamini A, wakafa 6. Wengine 92 hawakupewa, wakafa 12. Waliofaidi zaidi ni wale wa chini ya miaka miwili.

Basi twawasihi wazee wa vijiji na walimu wafundishe mambo manne.

Kwanza, mtoto achanjwe akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18.

Pili, mwenye surua apelekwe zahanati upesi, apewe vitamini A siku ile na siku ya pili yake, hata kama macho yaonekana mazima.

Tatu, asitiwe machoni maji ya majani, wala mkojo, wala maziwa.

Nne, asinyimwe chakula. Anyonyaye aendelee kunyonya. Mkubwa apewe mayai, maini, majani ya kunde, maboga na maembe.

Kovu likiisha kufunika kioo cha jicho, kuliondoa ni kazi ngumu, na mara nyingi haiwezekani. Kulizuia ni kazi ya siku mbili zahanati.