Mathias Kiwanuka, mlinzi aliyefungua mikono

Hapa kwetu Obokote mtu akisema mpira, kila mmoja anafikiri ule wa mguu. Leo tujifunze ule wa Wamarekani, kwa njia ya mchezaji mmoja mwenye jina ambalo jirani zetu wa Uganda wanalijua sana.

Tushike kwanza kanuni chache, maana bila hizo habari hii haitaeleweka. Kila ekipe iko na watu 11 uwanjani. Mpira ni mrefu kama yai, tena unabebwa mikononi. Wenye mpira wanapewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10, ni kusema metre 9 hivi. Wakishindwa, wale wengine wanauchukua. Mara nyingi mpira unapewa kwanza mrushaji. Kazi kubwa ya mlinzi wa pembeni ni kumwangusha huyo kabla hajautupa. Lakini angalia: akimpiga wakati mpira umekwisha kutoka mkononi, mwamuzi anaadhibu ekipe ya mlinzi yadi 15.

Mathias Kiwanuka alizaliwa mwaka 1983 huko Indianapolis, Marekani. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa Uganda mwaka 1962, kisha jaji mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimtoa kwa nguvu katika mahakama kuu ya Kampala, na hakurudi tena. Mjukuu hakumwona hata siku moja.

Mwaka 2006 ekipe ya New York Giants ilimchukua kutoka chuo cha Boston College. Tarehe 26 Novemba mwaka ule walicheza na Tennessee Titans. Robo ya mwisho ilianza Giants wakiongoza 21 kwa 0, kisha Titans wakaanza kurudi. Ikafika nafasi yao ya nne. Kiwanuka akamshika mrushaji Vince Young, akamkumbatia kabisa. Halafu akafungua mikono! Alifikiri mpira umekwisha kutupwa, akaogopa adhabu. Kumbe Young bado iko nao. Akakimbia nao mbele, Titans wakasawazisha, mwisho wakashinda 24 kwa 21.

Tulipozungumza jambo hili kati yetu, wengine walisema ni woga tu. Sisi tunaona kanuni yenyewe ni ngumu: mlinzi anakimbia kwa nguvu zote, na tena aamue kwa kufumba na kufumbua.

Waalimu wake hawakumtupa. Mwaka 2007 walimhamisha, asimame nyuma kidogo ya mstari wa mbele, kazi nyingine kabisa. Novemba akavunjika mguu, na Februari 2008 wenzake waliposhinda Super Bowl, yeye hakucheza. Mwaka ule ule, mwenzake Osi Umenyiora akaumia goti, basi Kiwanuka akarudishwa pembeni. Mwaka 2010 shingo ilimsimamisha baada ya michezo mitatu tu.

Tarehe 5 Februari 2012 Giants walishinda Super Bowl tena, New England Patriots 21 kwa 17. Safari hii alikuwa uwanjani, na uwanja ulikuwa Indianapolis, mji aliozaliwa.

Alicheza Giants peke yake, misimu tisa mpaka ule wa 2014. Waliomhesabia wanasema aliangusha warushaji mara 38 na nusu. Nusu ni kwa sababu walinzi wawili wakimwangusha mtu pamoja, wanagawana.