Unga wa Protini na Misuli: Somo kwa Vijana wa Kike na wa Kiume

Katika mikutano yetu na wananchi hapa Uganda, vijana wanaojiandaa kuomba kazi ya polisi hutuuliza kama nguvu hupatikana bila ule unga wa protini unaouzwa kwenye kumbi za mazoezi. Wasichana huongeza swali la pili: je, unga huo hautawaotesha ndevu?

Kinachojenga msuli ni mzigo. Mtu anyanyuapo chuma, nyuzi za misuli hupata mkazo, na mwili huujibu kwa kutengeneza protini mpya katika saa zinazofuata. Chakula huleta vifaa vya ujenzi tu. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchambuzi wa majaribio 49 yenye washiriki 1,863 waliofanya mazoezi ya nguvu. Walioongezewa protini waliwazidi wenzao kwa wastani wa kilo 2.5 katika mzigo mkubwa kabisa wa kunyanyua mara moja, na kwa gramu 300 za mwili usio mafuta. Sehemu kubwa ya nguvu waliyopata ililetwa na mazoezi yenyewe. Tena, ulaji ulipofika karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, nyongeza haikuwa na faida zaidi.

Kwa kijana wa kilo 60, hizo ni gramu 96. Maharagwe makavu gramu 200 yana takriban gramu 40 za protini; mukene mkavu gramu 50 una karibu 30; mayai mawili yana 12, na karanga gramu 50 nazo 12. Posho humalizia hesabu. Mwenye kula hivyo hana deni na muuza makopo. Mgonjwa wa figo, hata hivyo, amwone daktari kabla ya kuongeza protini yoyote.

Na ndevu? Protini ya maziwa au ya soya haigeuzi jinsia ya mtu. Mwanamume ana homoni ya testosteroni takriban mara 15 kuliko mwanamke, ndiyo maana misuli yake huwa mikubwa zaidi. Lakini kila mmoja akipimwa kwa kiwango alichoanzia, mwanamke huongeza nguvu na misuli kwa uwiano unaokaribiana na wa mwanamume. Binti anayeogopa vyuma anajinyima haki yake bure.

Kinachoweza kumwotesha ndevu na kumkwaruza sauti ni steroidi, ambazo katika nchi mbalimbali zimekutwa zimechanganywa kwa siri ndani ya bidhaa za kujenga misuli. Sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi. Kwa mwanamume, dawa hizo husinyaza korodani, hupunguza mbegu za uzazi na kuudhuru moyo. Hapo ndipo jambo la mazoezi linapoingia mlangoni mwetu.

Basi msinunue unga uliopimwa kwenye mfuko mtupu, wala kopo lisilo na jina la mtengenezaji, orodha ya viungo na tarehe ya kuisha. Anayeahidi misuli kwa wiki mbili tunamtilia shaka. Ukishautumia ukaona chunusi za ghafla, hedhi kukatika au moyo kwenda mbio, acha, nenda hospitali na kopo lako, kisha utoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu au kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa. Usilitupe kopo hata likiwa tupu: mabaki yaliyo chini yake yanaweza kupimwa, na tunayemtafuta ni muuzaji.