Kobalti ya Vumbini Si Chakula

Karibu na mwaka 1930, mto Lufira, hapa Katanga, ulizibwa kwa bwawa la Mwadingusha, na maji yake yakatanda yakawa ziwa Tshangalele. Humo ndimo unamoishia pia mto Panda, ukiwa umeshapita kwenye viwanda vya madini vya Likasi. Basi samaki tunaokula kwa bukari, na lengalenga inayomwagiliwa kandokando, hutoka penye shaba na kobalti. Wapo wanaosema hakuna hofu, kwa kuwa madini hayo mwili unayahitaji. Kwamba unayahitaji ni kweli. Oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni hufanya karibu asilimia 96 ya uzito wa mtu, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni kalsiamu na fosforasi ya mifupa. Kobalti yote mwilini ni kama miligramu 1 tu, nayo hatuwezi kuishi bila hiyo, kwa sababu imo ndani ya vitamini B12 inayosaidia kutengeneza damu. Lakini vitamini hiyo hutengenezwa na bakteria, si na mwili wetu. Sisi huipata ikiwa tayari, katika samaki, nyama, mayai na maziwa. Vumbi la kobalti hata likimezwa kijiko kizima haliwi B12.

Kobalti ikizidi, hudhuru. Mwaka 1965 na 1966 huko Quebec, Kanada, kobalti ilitiwa kwenye bia ili povu lidumu. Wanywaji wakubwa wakapatwa na ugonjwa wa moyo, na baadhi yao wakafa. Hapa kwetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga: kobalti ilikuwa nyingi kuliko iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida popote duniani, na watoto walizidi wakubwa. Mtoto hucheza chini, kisha hutia mkono mdomoni.

Mtu atauliza: tuache samaki na mboga, tule nini? Msiache. Mwili wenye upungufu wa chuma hufyonza kobalti zaidi, maana madini haya mawili hupita mlango mmoja katika utumbo. Mama mjamzito au mtoto anayenyimwa maharagwe, nyama na samaki kwa kuogopa sumu huachiwa mlango huo wazi. Bora samaki atolewe matumbo, ini na matamvua, ambamo metali hurundikana kuliko katika nyama yake. Mboga zioshwe kwa maji safi mara kadhaa. Kilichoingia kupitia mizizi hakitoki, ila udongo ulioshika majani hutoka, na huo si mdogo. Kuchemsha maji huua vijidudu, na ni lazima, lakini metali hubaki sufuriani. Nyumba ipanguswe kwa kitambaa chenye maji badala ya kutimua vumbi kwa ufagio mkavu, nguo za mgodini zifuliwe peke yake, na mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla hawajagusa bukari.