Maji Yaliyoishiwa Kalsiamu

Kwa nini maji ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni makali hivyo, na mito iendayo humo ina maji ya kawaida tu?

Wengi huulaumu mlima. Ol Doinyo Lengai, ulio kusini mwa Natron, ndiyo volkano pekee hai duniani inayojulikana kutema lava ya kaboneti ya sodiamu, kwa hiyo tuhuma ina msingi. Lakini mlima hautoshi kuwa jibu. La kuangalia zaidi ni kipi huganda kwanza maji yanapokauka. Maziwa haya hayana mto wa kutokea. Maji huondoka kwa mvuke. Yanavyopungua, kalsiamu hukutana na kaboneti, zikawa kaboneti ya kalsiamu isiyoyeyuka kirahisi, ikazama. Mwaka 1970 wanajiolojia Lawrence Hardie na Hans Eugster walionyesha kwamba hapo ndipo njia huachana. Ikiwa tangu mwanzo kalsiamu, kwa hesabu ya chaji, ilizidi kaboneti na bikaboneti, kaboneti ndiyo huisha, na maji huishia kuwa kama ya Bahari ya Chumvi kati ya Israeli na Jordan: kalsiamu tele, pH ya karibu 6. Ikiwa ni kinyume chake, kalsiamu ndiyo huisha, na kaboneti inayobaki haina tena wa kuizamisha. Hujilimbikiza pamoja na sodiamu, pH ikafika 10. Miamba ya volkano ya eneo hili la Bonde la Ufa ina sodiamu nyingi, na maji yanayopita humo hupata kalsiamu kidogo. Ndiyo maana nasema ukali wa maziwa haya uelezwe kwanza kwa kile kilichotoweka ndani yake.

Mvua zikinyesha sana, mbona ukali hauishi?

Kwa sababu maji hayo ni bufa, yaani mchanganyiko unaopinga kubadilishwa pH. Magadi yenyewe, yale mawe meupe yenye vumbi la kijivu yauzwayo sokoni, yana kaboneti moja kwa kila bikaboneti moja, na uwiano huo wa nusu kwa nusu ndio unaoipa bufa nguvu zaidi. Ikiingia asidi, kaboneti huipokea na kuwa bikaboneti. Ikiingia besi, bikaboneti huachia protoni na kuwa kaboneti. Kwa kuwa pH hutegemea zaidi uwiano wa pande hizo mbili kuliko wingi wake, kuongeza maji matupu huibadilisha kidogo sana. Kamulia ndimu kwenye jiwe la magadi uone povu: ni kaboni dayoksaidi, dalili kwamba mahali hapo asidi imeishinda bufa.

Hayo yanahusianaje na meno ya kahawia ya watu wa Arusha na Meru?

Yanahusiana moja kwa moja, ingawa ni nadra kusikia yakitajwa pamoja. Kinachoyatia meno hayo rangi ni floridi. Floridi hutoka kwenye miamba ileile, na kinachoweza kuizuia isijae majini ni kalsiamu, maana floridi ya kalsiamu huyeyuka kwa shida. Zao la ukolezi wa kalsiamu na mraba wa ukolezi wa floridi, kwa moli kwa lita, haliwezi kupita takriban 3.5 × 10⁻¹¹ bila mashapo kuanza. Piga hesabu. Maji yenye miligramu 40 za kalsiamu kwa lita hayawezi kubeba zaidi ya miligramu 3.5 hivi za floridi. Punguza kalsiamu hadi miligramu 4, na kikomo kinapanda kufikia miligramu 11. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Atasema mtu: basi hata maji yenye kalsiamu hayapo salama. Ni kweli, kalsiamu huweka dari tu, na dari lenyewe liko juu ya kiwango cha afya. Lakini mahali ambapo dari ni kama halipo, madhara huwa makubwa zaidi, kuanzia meno hadi mifupa.

Je, kuchemsha au kutia chokaa kutasaidia?

Kuchemsha kunaua vijidudu. Floridi inabaki palepale, na maji yakipungua sufuriani ukolezi wake unaongezeka. Mbaya zaidi, ule ukoko mweupe wa kwenye birika ni kalsiamu inayoondoka. Chokaa ina mantiki, ila katika maji yenye kaboneti nyingi kalsiamu hudakwa na kaboneti kwanza, na hata ikifanya kazi vizuri haishushi floridi chini ya dari nililolieleza. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe ni bora zaidi. Madini ya mfupa hubadilisha hidroksidi yake kwa floridi, na zao lake huyeyuka kwa shida zaidi kuliko mfupa wenyewe. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimeufanyia utafiti kwa miaka mingi. Mkaa huo huchoka, sharti ubadilishwe, na hapo ndipo kaya nyingi hukwama.

Na magadi ya kulainishia maharage na kande?

Magadi ya bonde hili hubeba floridi pia, kwa sababu zilezile. Anayeishi kwenye maji ya aina hii asitie magadi katika chakula cha watoto walio chini ya miaka 8, kwani meno yao ya kudumu bado yanajengwa ndani ya taya. Kuloweka maharage usiku kucha kunatosha.