Mdogo Wangu, Kwanza Kata Kadibodi

Leo wapiga picha wa mitaani mmenivamia, na swali lenu ni lile lile: "Dada, niuze kamera yangu ya dijitali ninunue XPan?" Najua mlikotoka. Mmeziona zile picha ndefu, mtaa mzima umelala ndani ya fremu moja, mzee upande huu, mtoto upande ule, na nafasi tupu iliyo kati yao inasema kuliko wao wenyewe. Mate yamewatoka. Haya, tuongee kabla hamjagusa akiba.

Kwanza mjue mnachokitamani. XPan ilitoka mwaka 1998 kwa jina la Hasselblad ya Uswidi, lakini waliokuwa wakiiunda ni Fuji wa Japani, na kwao ikauzwa kama Fujifilm TX-1. Inakula mkanda wa kawaida wa milimita 35. Kamera nyingine zinachukua fremu ya milimita 24 kwa 36. Hii ukigeuza swichi inachukua 24 kwa 65, na ndiyo maana mkanda wa picha 36 unakupa 21 tu. Msiichanganye na zile kamera ndogo za miaka ya 1990 zenye kitufe cha panorama. Zile zilikuwa zinaziba filamu juu na chini, basi. Hii inatumia filamu zaidi kweli kweli.

Ukiipakia, mota inavuta mkanda wote nje, halafu kila ukipiga, fremu inarudi ndani ya kasha lake. Mlango wa kamera ukifunguka kwa bahati mbaya, ulizokwisha kupiga ziko salama. Nani asiipende? Ila haitengenezwi tena, bei yake inauma, na kwa kuwa inategemea umeme, saketi ikifa fundi utamtafuta kwa tochi.

Kwa hiyo, kabla ya pesa, zoezi. Chukua kadibodi, hata ya boksi la viatu, ukate dirisha la sentimita 13 kwa 4.8. Hiyo ni fremu ya XPan iliyokuzwa mara mbili. Funga jicho moja, shika kadibodi sentimita 9 mbele ya jicho lililo wazi. Unachokiona ndicho kinachoingia kwenye lenzi yake ya milimita 45. Isogeze mpaka sentimita 18, umehamia lenzi ya 90. Hujatoa hata nauli ya daladala.

Aliye Unguja aende nayo Forodhani jioni. Simama kando ya ukuta wa bahari, uelekee bandarini, maji yawe kushoto na bustani kulia. Kushoto vijana wanajirusha baharini. Kulia muuza juisi anasukumia miwa kwenye mashine. Sasa angalia kinachotokea: kijana yuko hewani, miguu ameikunja, lakini muuza juisi kainama, unamwona mgongo tu. Muuza juisi anainuka na glasi mkononi, kijana kashazama. Unangoja tena. Anakuja mama na mtoto, wanasimama katikati, wanamziba kila mtu.

Hapo ndipo penye kazi. Fremu pana ina picha mbili au tatu ndani yake, na zote zinatakiwa ziive kwa wakati mmoja. Wengi wenu mnadhani upana ni ruhusa ya kuongeza vitu. Mtaka yote hukosa yote. Chagua mahali, simama, subiri watu waingie wenyewe. Na kama nusu moja ya dirisha lako imelala kila mara, kamera uliyonayo inakutosha.

Wa vichochoroni nao wasivunjike moyo. Mji Mkongwe ukishika kadibodi kwa ulalo utapata kuta mbili tu. Isimamishe wima: baraza chini, mlango, roshani, nguo zimeanikwa, na kipande cha mbingu juu. Ndefu ni ndefu, hata ikisimama.

Lakini kama unachopenda ni sura za watu, nakwambia kwa upendo, panorama itakuonea. Mtazameni Josef Koudelka, yule Mcheki aliyepiga picha za vifaru vya Kisovieti Prague mwaka 1968. Alianza panorama mwaka 1986, na kitabu chake Wall cha 2013 kimejaa ukuta na ardhi iliyochanwa. Watu ni wa kuhesabu. Alijua kila kamera na kazi yake.

Mnaotaka watu na vituko, wapo ndugu wa mbali wa XPan: Widelux ya Japani na Horizon ya Urusi. Hizi lenzi zake huzunguka wakati wa kupiga, na mwanga unapita kwenye mwanya mwembamba kuelekea filamu iliyopinda. Bajaji ikienda upande ule ule wa lenzi inarefuka. Ikija kinyume inabanwa. Mwigizaji Jeff Bridges amepiga picha nyuma ya pazia za filamu zake kwa Widelux, akatoa kitabu, Pictures, mwaka 2003. Mchezo wake mmoja: mwenzake anakunja uso upande mmoja wa fremu, anakimbia nyuma ya kamera, anafika upande wa pili kabla ya lenzi na kucheka. Mtu mmoja mara mbili, hasi moja. Ila kamera hizi mziweke sawa na upeo wa macho, la sivyo mstari wa bahari utapinda kama ndizi, na mchunge vidole visiingie pembeni.

Sasa adabu. Kwa kamera ya kawaida, mtu akikaa pembeni anajua hayumo. Kwa panorama yumo, naye hana habari. Mama anayenyonyesha kwenye benchi, askari mlangoni, mtu asiyetaka kuonekana na aliyekaa naye. Zungusha macho pembe zote mbili kabla ya kubonyeza. Ukimwona aliyeingia bila kujua, nenda umsalimie, umwonyeshe kamera, umwombe. Akikataa, sema ahsante uondoke. Na maeneo ya ulinzi yaacheni, msije mkaniandikia mkiwa kituoni.

La mwisho ni la studio. Unapopeleka mkanda kusafishwa, waambie kwa mdomo na uwaandikie kwenye bahasha: WASIKATE. Mashine imezoea fremu fupi, itapitisha kisu katikati ya picha yako bila huruma. Chukua mkanda mzima, ukate mwenyewe nyumbani.

Jibu langu basi: usiuze kamera yako. Tembea na kadibodi mwezi mzima, na picha ulizo nazo kwenye simu uzikate juu na chini kwa umbo lile lile. Zikisimama, azima au kodi kamera ya panorama upige mkanda mmoja, mahali pamoja. Ukitoka na picha mbili unazoweza kuzitetea mbele yangu, hapo njoo tuzungumze habari ya kununua.