Usipige Windows, Mdogo Wangu

Leo mambo ya wachumba na michango ya harusi mnayoniandikia tuyaweke kando, wadogo zangu, mtanisamehe. Kuna ujumbe umenikalia kichwani tangu Jumapili. Umetoka kwa kijana wa hapa hapa Nassa, kamaliza kidato cha nne, akajichanga kwa vibarua vya kuanika dagaa mpaka akapata laptopu ya mtumba. Anataka kuendesha treni. Treni, jamani, na huku kwetu Busega reli hakuna! Anayetaka kuiona reli bila kutoka mkoa wa Simiyu lazima afunge safari hadi Malampaka, kule Maswa. Basi kijana kaweka programu ya kuigiza uendeshaji wa treni inayoitwa Open Rails, kaifungua, skrini ikawa nyeusi tii, halafu ikajifunga yenyewe. Akampelekea fundi. Fundi hata kuketi hakuketi: "Lete elfu kumi na tano nikupigie Windows."

"Shikamoo dada. Nitoe hiyo hela?"

Marahaba. Usitoe.

Nina sababu ya kusema hivyo, na si ya vitabuni. Miaka ile naanza steshenari yangu hapa barabara ya Mwanza–Musoma, kompyuta yangu ilikataa kuchapa. Nikaibeba hadi kwa fundi mmoja, jina lake nalihifadhi. Akapiga Windows, yaani akafuta kila kitu na kuiweka upya. Picha za mazishi ya baba zikaenda, hesabu za wadaiwa zikaenda, na printa ikaendelea kukataa kama mwanzo. Kumbe tatizo lilikuwa waya. Tangu siku hiyo mtu akinitajia kupiga Windows namtazama kama aliyeniambia nyumba inavuja, tuibomoe.

Nikamwambia kijana aje na laptopu yake dukani. Alikuja na bibi yake, maana bibi alikuwa anafuata sabuni na akaona heri apumzikie kwenye benchi langu. Tukaiwasha, tukaifungua Open Rails, ikafanya vilevile: nyeusi, ikafa. Nikamuuliza, "Imekwambia nini?" Akajibu, "Haijasema kitu, dada."

Hapo ndipo wengi mnapokosea. Ilikuwa imesema. Kwenye desktopu palikuwa na faili jipya, OpenRailsLog.txt, ambalo programu hii huliandika kila unapoiendesha. Ni maandishi ya kawaida tu, ukilibofya mara mbili linafunguka. Mwanzoni linaorodhesha kompyuta yako ina nini: Windows gani, RAM kiasi gani, kadi gani ya picha. Chini yake linasimulia safari nzima hadi pale ilipokwama. Penye neno "Warning" ni manung'uniko, unaweza kuyavumilia. Penye "Error" ndipo penye kesi. Kiingereza kisikutishe. Huhitaji kuelewa mistari yote mia mbili, tafuta tu jina la kitu unachokijua.

Tukasoma taratibu, kidole kikiwa kwenye skrini. Kwenye mstari wa kadi ya picha palikuwa pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter". Nikacheka peke yangu, bibi akaniuliza kama niko salama.

Maana yake ni hii. Kila kifaa ndani ya kompyuta kinahitaji programu ndogo ya kukiongoza, inaitwa draiva. (Draiva wa kompyuta na dereva wa treni ni ndugu wa baba mmoja, wote wasipokuwepo chombo hakiendi.) Windows isipopata draiva halisi ya kadi ya picha, hubandika ya kuazima ili angalau uone maandishi. Ukiangalia barua na kuchapa wasifu wa kazi hutagundua upungufu wowote. Ukiiomba ichore mlima, mataruma na moshi kwa wakati mmoja, inazimia. Na kwa nini draiva haikuwepo? Kwa sababu aliyemuuzia laptopu alikuwa ametoka kuipiga Windows, akaishia njiani. Yaani elfu kumi na tano ingekwenda kununua ugonjwa uleule kwa mara ya pili.

Ukitaka kujua hali ya kwako, bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start, chagua Device Manager, fungua sehemu ya Display adapters. Ukikuta jina la Intel, AMD au NVIDIA, shukuru. Ukikuta hilo la kuazima, geuza laptopu, soma namba ya modeli chini yake, kisha pakua draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Kama bando limekata, mwombe mwenye intaneti akuwekee kwenye fleshi. Usichukue draiva kwenye tovuti zinazokuahidi kukutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja. Hizo zinakuja na wageni wasioalikwa.

Tukaweka, tukazima, tukawasha. Skrini nyeusi ikaondoka. Likaja tatizo la pili: orodha ya njia tupu kabisa, hakuna hata kituo kimoja.

Hili halikuwa kosa la mtu. Open Rails ni ya bure, na programu yenyewe ni injini tu. Reli, vichwa vya treni na mabehewa unavileta mwenyewe, kwa mpangilio ule wa Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001. Ile ya zamani ilikuja na njia sita: mbili za Marekani, mbili za Japani, moja ya Uingereza na moja ya Austria. Afrika hatukuitwa. Kijana alikuwa amepakua njia ndogo ya majaribio, Demo Model 1, ambayo wenye programu wanaitoa bure, ila hakujua pa kuielekeza.

Unafungua Options, unakwenda Content, unaionyesha folda. Folda ipi? Hapo ndipo watu wanalala na njaa. Programu inataka folda mama, ile ambayo ukiifungua unakuta ndani mna ROUTES, TRAINS, GLOBAL na ndugu zao. Kijana aliionyesha ROUTES yenyewe. Ni sawa na kumwelekeza mgeni chumbani kabla hajaiona nyumba. Tena alipofungua lile faili lililobanwa, folda iliingia ndani ya folda nyingine yenye jina lilelile, kama kanga iliyokunjwa ndani ya kanga. Tukaitoa ya ndani, tukaiweka moja kwa moja kwenye diski D. Usizihifadhi ndani ya Program Files. Windows ina wivu na folda ile, inazuia programu nyingine kuandika humo, halafu unabaki unashangaa mbona mipangilio haishiki.

Ukikuta treni imetokea lakini ina mapengo, mabehewa mawili hayapo, rudi kwenye faili letu la desktopu. Litakutajia jina la behewa lililokosekana. Mara nyingi orodha ya treni imetengenezwa na mtu mwenye mabehewa ambayo wewe huna.

Saa sita mchana treni ikasimama mbele yetu, kijani kibichi pembeni, reli zikimeta. Kijana akashika kibodi kama usukani wa Fuso. Akabonyeza. Haikwenda. Akabonyeza tena. Akanigeukia na uso wa mtu aliyenyimwa viza.

"Sasa dada, hii ndiyo imeharibika."

Haikuharibika. Breki zilikuwa zimebana. Wadogo zangu, treni si bodaboda. Kwanza unachagua mwelekeo: W mbele, S nyuma. Kisha unaachia breki za treni kwa kitufe cha nukta-mkato, na unasubiri, kwa sababu upepo unasafiri kwenye bomba behewa kwa behewa. Kubana ni kwa kitufe cha pembeni yake. D inaongeza nguvu, A inapunguza. Kama ni treni ya umeme, P inainua mkono wa juu ukaguse waya. Bila hivyo utasubiri mpaka Krismasi. Mkiona upepo haujai, Shift pamoja na mkwaju wa / inazianzisha breki zote upya. Wataalamu wataniita mdanganyifu, lakini siku ya kwanza kila mtu anaruhusiwa. F1 inakuonyesha vitufe vyote, F5 inakuonyesha mwendo na hali ya breki.

Laptopu yako ikiwa dhaifu, picha zikaenda kwa kurukaruka, ingia Options, sehemu ya Video. Punguza umbali wa kuona, zima vivuli, punguza wingi wa vitu. Miti michache haimzuii mtu kujifunza kusimamisha treni. Na zoea F2 kila baada ya dakika chache, inahifadhi safari yako. Nassa umeme unakatika bila kupiga hodi, na betri za laptopu za mtumba mnazijua.

Sasa nije kwenye lililomleta. Kijana ananiambia anataka kuendesha treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa. Sikumcheka. Dar es Salaam hadi Dodoma zinakwenda tangu Julai 2024, kwa umeme, mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa, na kipande cha Mwanza–Isaka cha kilomita 341 ujenzi wake ulizinduliwa Juni 2021. Hii ya kompyuta haitampa leseni, nimemwambia wazi. Hiyo ni kazi ya mafunzo, na kule Tabora kuna chuo cha reli kwa ajili hiyo. Inachompa ni jambo moja ambalo kijana aliyekulia kwenye bodaboda hana: subira ya breki. Treni iliyo kwenye kilomita 160 kwa saa, ukibana breki ya kawaida, inakula zaidi ya kilomita moja kabla haijasimama. Unaanza kusimama kabla hujaiona stesheni. Ukijifunza hilo kwenye laptopu, hujamgonga ng'ombe wa mtu.

Halafu akitamani kuchora njia ya kwetu mwenyewe, Isaka hadi Mwanza, aanze na SGR. Upana wake ni milimita 1,435, sawa na reli za programu hizi. Ile ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928 ni ya mita moja, na TAZARA ni milimita 1,067. Hizo zinahitaji reli za kuchongwa kipekee, kazi ya baadaye.

Na yule mwingine aliyeniandikia kutoka Lamadi, kama Open Rails inaingia kwenye simu: haiingii, inataka Windows. Zipo za simu, Trainz ni mojawapo. Ila hiyo simu uliyonieleza, ambayo inazima ukifungua kamera, mwache apumzike maskini.

Basi, tuliachia breki. Upepo ukajaa, treni ikanguruma, ikaanza kutambaa. Bibi akaacha sabuni yake, akasogeza benchi. Yeye enzi za usichana alipanda gari moshi kutoka Malampaka kwenda Tabora kumsalimia dada yake, na akatueleza mlio wa magurudumu kwenye maungio ya reli kwa kugonga meza yangu, ka-taka, ka-taka. Mjukuu akaongeza mwendo, akasahau breki, stesheni ikatupita na abiria wake waliochorwa wamesimama wima.

Bibi akamgusa bega. "Mbona hukusimama? Nani atawachukua wale?"

Kijana akasimamisha treni, akabonyeza S, akaanza kurudi nyuma taratibu.